Shajara ya mradi wa utayari wa tetemeko: mtaa wetu wa mlimani, Igogo, Mwanza

Wiki ya 1: Chanzo cha mradi

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, nilikuwa barazani nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wakati ardhi ilipotikisika. Hapa Mwanza vikombe viligongana kabatini, kuku wakatawanyika, majirani wakatoka nje kuulizana kulikoni, na baada ya muda kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Ng'ambo ya Ziwa Victoria mambo hayakuwa hivyo. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na kitovu chake kilikuwa Kagera, karibu na Nsunga. Kwa hesabu ya Serikali ya siku zile liliua watu 17, likajeruhi zaidi ya 250, na likaacha maelfu ya familia bila nyumba za kukalika. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliungana na wananchi katika uwanja wa Kaitaba kuwaaga marehemu. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa sababu majengo yake hayakufaa tena kukaliwa.

Dada yangu ameolewa Bukoba. Usiku ule aliniambia kwa simu jambo ambalo sijalisahau. Nyumba ya jirani yao iliporomoka ukuta wa nyuma, na vijana wa mtaa walifika mara moja wakiwa na majembe na mikono mitupu. Walichimba chumba cha uani kwa saa nzima, kwa kuwa mtu mmoja alisema binti wa kazi alikuwa amelala humo. Binti alikuwa amekwenda kuteka maji, na akarudi na ndoo yake kichwani akawakuta wakichimba. Muda wote huo, nyumba ya tatu kutoka pale, mzee mmoja alikuwa amebanwa mguu na kifusi akiita bila kusikika. Alitolewa akiwa hai, lakini alikuwa amechelewa kutolewa, na mguu ule haukurudi kuwa kama zamani.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyotukutanisha watu 14 wa mtaa huu, ingawa, kama shajara hii itakavyoonyesha, ilituchukua wiki nyingi kuelewa ilikuwa inatuambia nini. Lengo la mradi limeandikwa hivi: kaya 96 za upande huu wa mlima, zenye watu 431, ziweze kujihudumia kwa saa 72 za mwanzo baada ya tetemeko kubwa, kabla msaada wa kutoka nje ya mtaa haujafika. Tulimpelekea mwenyekiti wa mtaa pendekezo hilo, naye akatuunganisha na mtendaji wa kata. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa hadi ngazi za chini, kwa hiyo hatukutaka kuunda chombo kingine pembeni. Sisi ni mikono ya kamati hiyo.

Baadhi ya wazee waliuliza kama Mwanza ina haja ya kazi hii. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa kale na mgumu, nalo ziwa liko katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, si juu ya tawi lolote. Hilo ni kweli na ni neema. Hata hivyo, tawi la magharibi halijalala. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilifikia ukubwa wa 7.4, na lile la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005 lilikuwa la 6.8. Kila hatua moja ya kipimo hicho inaongeza nguvu takriban mara 32, kwa hiyo tetemeko la 7.0, kama lililoiangusha Port-au-Prince Januari 2010, linatoa nguvu karibu mara 45 ya lile la Kagera. Mtaa wetu nao una hatari yake ya pekee: nyumba zimejengwa katikati ya majabali, moja limeegemea jingine, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika lipi litashika na lipi litabingirika.

Wiki ya 2 na ya 3: Maturubai

Fedha ya kwanza tuliyochanga tuliielekeza kwenye maturubai, kwa maana kila mtu akifikiri juu ya maafa anaona hema mbele ya macho yake. Tuliagiza maturubai 20 ya mita 4 kwa 6 kutoka kwa muuzaji mmoja wa jumla. Yalipofika tuliyatandaza kwenye kiwanja cha kanisa na kuona kuwa 13 kati yake yalikuwa mepesi kuliko sampuli tuliyoonyeshwa, na tundu za chuma za kupitishia kamba ziling'oka tulipozivuta kwa mkono. Mazungumzo ya kurudishiana yalituchukua siku 9. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba mzigo haupokelewi kabla turubai tatu zilizochaguliwa bila mpangilio hazijafungwa kwenye nguzo na kuvutwa na watu wawili wazima.

Jambo la manufaa zaidi lilitokea tulipoisimamisha moja. Kwenye karatasi, turubai la mita 4 kwa 6 lina eneo la mita za mraba 24, na viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za mahali palipofunikwa. Familia ya watu watano inahitaji 17.5, kwa hiyo tulidhani turubai moja linatosha na kubaki. Fundi wetu, ambaye amejenga nyumba katika mlima huu kwa zaidi ya miaka 20, alisimika nguzo mbili za mita moja na nusu, akafunga kamba juu, akalitandika turubai kama mgongo wa nyumba. Kisha akapima chini kwa futi kamba. Sakafu iliyofunikwa haikufika hata mita za mraba 16, na mtu mzima hakuweza kusimama wima popote. "Mwalimu," aliniambia, "hapa familia inalala, lakini haiishi." Kuanzia siku ile hesabu yetu ni maturubai mawili kwa kaya, moja la paa na moja la kuzungushia, pamoja na kamba ya mita 30, nyundo, misumari na msumeno mmoja kwa kila kaya tano.

Tulichukua pia ushauri wake kuhusu nyumba zenyewe. Anasema nyumba nyingi anazoziona zikipasuka hupasuka kwenye pembe na kwenye ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa, kwa sababu hazina lenta, yaani mkanda wa zege na nondo, inayozunguka nyumba nzima. Wengi huweka lenta juu ya milango na madirisha tu, kisha wanaendelea na matofali hadi kenchi. Hatuna uwezo wa kuzifanyia ukarabati nyumba za watu, lakini fundi ameanza kupita kwa wanaojenga sasa na kuwaomba wafunge mkanda huo wa zege na nondo mwanzo hadi mwisho. Wawili wamekubali.

Wiki ya 5: Maji

Hapa nitaandika kwa urefu, kwa sababu maji ndiyo yatakayotutenganisha na kipindupindu. Haiti ilipigwa na tetemeko Januari 2010, na Oktoba ya mwaka huohuo ugonjwa huo ukaibuka na kuua maelfu ya watu katika miaka iliyofuata. Kwa mji kama wetu, ambao unaufahamu ugonjwa huo kwa uzoefu, hiyo si habari ya mbali.

Kiwango tunachokifuata ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa watu 431 hizo ni lita 6,465, yaani madumu 324 ya lita 20. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na kupandishwa milimani kwa pampu za umeme. Tetemeko likikata umeme au kuvunja bomba, hayapandi. Tulimwomba kijana mmoja wa mkokoteni apandishe madumu 10 kutoka barabarani hadi mahali ambapo mkokoteni unaweza kufika. Alitumia dakika 25 huku wenzake wawili wakisukuma, na bado sehemu ya juu kabisa hufikiwa kwa kichwa tu. Kwa hiyo tumeamua kuwa kila kaya iwe na madumu mawili yenye vifuniko yaliyojaa wakati wote, nayo yabadilishwe kila Jumamosi. Hilo peke yake linaupa mtaa akiba ya lita 3,840, ambayo haifiki kiwango cha siku moja ya matumizi yote, lakini inatosha kunywa na kupikia kwa karibu siku tatu kama watu watajibana.

Baada ya hapo tutategemea ziwa, nalo lina mambo mawili. La kwanza ni kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu, pale hasa ambapo mtu angeingia na ndoo. Wavuvi wawili walioko kwenye kundi letu wamekubali kuteka maji kwa mtumbwi mbali na ukingo, na hakuna mtoto atakayetumwa kuteka ufukweni. La pili ni tope. Klorini haifanyi kazi vizuri katika maji machafu, kwa sababu uchafu huila kabla haijawafikia vijidudu.

Jumanne tulifanya jaribio uani kwa Mama Nesi, muuguzi mstaafu ambaye ndiye kiongozi wetu wa afya. Tulichukua maji ya ziwa katika ndoo tano za lita 20. Ya tano tuliiweka kando bila kitu, ili kulinganisha. Katika nne nyingine tulizungusha kwanza donge la shabu kwa mkono hadi tope la maji lilipoanza kujikusanya, likawa kama vipande vya pamba vinavyoshuka polepole. Tukasubiri, tukachuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Kisha Mama Nesi alitengeneza maji ya klorini ya asilimia 1, gramu 15 za unga wenye nguvu ya asilimia 70 katika lita moja ya maji safi, akatia mililita 2 katika ndoo ya kwanza, 4 katika ya pili, 6 katika ya tatu na 8 katika ya nne. Alitumia bomba la sindano lisilo na sindano, na kila mara aliinua mkono juu usawa wa macho kabla ya kusoma.

Tulisubiri dakika 30. Kila sampuli tuliitia kidonge cha kupimia katika kichupa kidogo. Kichupa cha kwanza kilibaki kama kilivyokuwa. Cha pili kiligeuka waridi hafifu sana, kiasi kwamba wawili kati yetu hawakukubaliana kama kuna rangi. Cha tatu kikawa na waridi lililoangukia kati ya alama ya 0.2 na ya 0.5 ya miligramu kwa lita, ambako ndiko tunakotaka. Cha nne kilikoza zaidi ya hapo, na maji yake yalinuka dawa. Jibu la siku ile lilikuwa mililita 6. Nimeandika "la siku ile" kwa makusudi. Baada ya mvua za masika, wakati Mto Mirongo unapomwaga uchafu wote wa mjini ziwani, jibu litakuwa jingine, na kwa hiyo tunachowafundisha watu ni jaribio lenyewe, wala si namba.

Kosa letu la wiki: kopo la unga wa klorini liliachwa wazi usiku mmoja karibu na dirisha, na tulipolipima baadaye nguvu yake ilikuwa imepungua sana. Sasa unga unakaa katika makopo madogo yaliyofungwa, mahali pakavu na penye giza, mbali na mafuta ya taa na mbali na chakula, na kila kopo limeandikwa tarehe ya kufunguliwa.

Wiki ya 6: Uwanja na vyoo

Mpango ulikuwa kuwahamishia watu wote kwenye uwanja wa shule ya msingi ulio chini ya mlima. Tulipima uwanja ule hatua kwa hatua na kupata mita 100 kwa 64, yaani mita za mraba 6,400. Kiwango kinachopendekezwa kwa makazi ya muda ni mita za mraba 45 kwa mtu, zikiwemo njia, vyoo na mahali pa kupikia, na uwanja wetu kwa kiwango hicho unabeba watu 142. Tukibana hadi mita 30, ambacho ndicho kiwango cha chini, unabeba watu 213. Nusu ya mtaa haina mahali pale. Tumekubaliana kwamba uwanja utakuwa wa wajawazito, wazee, wenye ulemavu, wenye watoto wachanga, na wale ambao nyumba zao zimeanguka au ziko chini ya jabali, na wengine watalala nje karibu na kwao, katika maeneo wazi matano tuliyoyawekea alama ya chokaa.

Vyoo vilitushinda kwa siku kadhaa. Kiwango cha mwanzo wa dharura ni tundu moja kwa watu 50, kisha moja kwa 20 hali ikitulia. Kule juu udongo ni kiganja kimoja, na chini yake ni mwamba. Mzee mmoja aliyekuwa akituangalia tukihangaika na sururu alisema, "Wanangu, hapa choo hakichimbwi, kinapasuliwa kwa moto." Tumeamua juu ya mlima vitumike vyoo vya mapipa vilivyoinuliwa kwa mbao, vyenye milango inayofungwa kwa ndani, vya wanawake mbali na vya wanaume na vyenye taa. Kina mama walisisitiza jambo la taa kuliko jambo lolote jingine katika kikao kile, nami naandika hapa kwamba taa haitaondolewa kwenye bajeti hata kama fedha itapungua.

Wiki ya 8: Zoezi la kwanza

Jumamosi saa 10 jioni tulipiga filimbi. Tulikuwa na maturubai, klorini, machela mbili na watu wenye bidii. Baada ya saa moja na dakika 10 mwenyekiti wa mtaa aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wote wametoka?" Sikuweza kujibu. Hakuna aliyeweza. Tulikuwa na watu 260 hivi uwanjani na kwenye alama za chokaa, na hatukujua waliobaki wako kazini, sokoni Mwaloni, safarini Ukerewe au chini ya kifusi. Vijana wanne walikuwa wamepoteza dakika 20 wakigonga mlango wa nyumba ambayo wenyewe walihamia Buhongwa mwezi uliopita.

Niliporudi nyumbani nilimpigia dada yangu Bukoba, nikamwomba anisimulie tena habari ya binti wa kazi na ndoo ya maji. Kwa wiki nane tulikuwa tumenunua vitu, na hatukuwa tumeandika jina la mtu hata mmoja.

Wiki ya 9 hadi ya 11: Daftari

Mtaa umegawanywa katika mafungu tisa, kila fungu kaya 10 au 11, chini ya mama au baba mmoja anayekubalika na majirani zake. Wengi wao ndio walewale mabalozi wa nyumba kumi, kwa sababu ndio wanaojua nani amegombana na nani na nani amepokea mgeni. Kila mmoja ana daftari la kurasa 48 lenye jalada gumu, likiwa limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kalamu ya risasi, kwa maana wino huyeyuka maji yakiingia.

Swali la kwanza tuliloandika lilikuwa "Wanaishi wangapi hapa?" Lilituletea majibu ya uongo wa heshima, yale ambayo mtu humpa karani wa sensa au mkusanya kodi. Mama mmoja wa fungu la nne alilibadilisha kwa akili yake mwenyewe. Aliuliza, "Usiku mnalala wangapi, na kila mmoja chumba gani?" Kwa swali hilo walijitokeza wapangaji wa vyumba vya uani, mashemeji waliokuja kutafuta kazi, wanafunzi wa chuo wanne katika chumba kimoja, na bibi ambaye familia ilikuwa imeona haya kumtaja kwa sababu amepoteza kumbukumbu. Watu 431 walikuwa kwa kweli watu 467. Hesabu zangu zote za juu, za maji na za uwanja, zinapaswa kusomwa upya kwa namba hiyo: madumu ya siku moja sasa ni 351.

Kila ukurasa una mchoro wa nyumba. Si mchoro wa fundi, ni mraba wenye vyumba, mlango umewekewa alama, na katika kila chumba kuna herufi ya kwanza ya jina la anayelala humo na mahali kilipo kitanda. Mvulana wa darasa la sita alichora wa kwao kwa usahihi kiasi cha kuandika kwamba baba yake hulala upande wa ukutani na mama upande wa mlangoni.

Tulibishana kuhusu magonjwa. Mmoja wetu alitaka yaandikwe, ili dawa zijulikane. Mama Nesi alikataa katakata, na nakubaliana naye: daftari linalokaa nyumbani kwa jirani si mahali pa siri ya mgonjwa. Tumeandika "anahitaji dawa kila siku" na "anahitaji kubebwa", basi. Mwenye dawa ameshauriwa aweke akiba ya siku saba ndani ya mfuko mmoja karibu na mlango, pamoja na kadi yake ya kliniki.

Jambo jingine lililotoka kwenye daftari ni haki. Siku za misaada, aliye na sauti hupata mara mbili na mjane wa uani hupata makombo. Daftari la fungu litasomwa hadharani kabla ya ugawaji wowote, na kila aliyepokea ataweka sahihi au dole gumba mbele ya wenzake.

Wiki ya 12: Kuokoa na kubeba

Siku mbili za mafunzo, vijana 22. Nitataja mambo mawili. Mama Nesi aliwafundisha kwamba aliyebanwa mguu au paja kwa saa nyingi asinyanyuliwe kifusi kwa pupa, kwa sababu damu inayorudi ghafla kutoka kwenye nyama iliyosagika hubeba sumu inayoweza kusimamisha moyo na kuharibu figo, na mtu kama huyo anahitaji mhudumu wa afya na maji ya mshipani kabla ya kuachiwa. Yule mzee wa Bukoba alikuwa mawazoni mwangu muda wote huo. Pia tuligundua kwamba machela zetu hazipiti kwenye uchochoro ulio kati ya majabali mawili juu ya fungu la saba. Tulipima upana wake: sentimita 58. Pale mgonjwa atabebwa katika blanketi lililokunjwa kingo, watu sita, wakienda mmoja nyuma ya mwenzake, hadi barabarani ambako gari la kumpeleka hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando linaweza kusimama.

Wiki ya 13: Uvumi

Baada ya tetemeko kubwa hufuata mitikisiko midogo kwa siku na wiki, na pamoja nayo hufuata ujumbe wa simu unaodai kuwa kubwa zaidi linakuja usiku saa fulani. Hakuna mtaalamu duniani awezaye kutaja saa ya tetemeko lijalo. Tumewaomba viongozi wa msikiti na wa makanisa mawili ya mtaani watangaze hivyo kwa vipaza sauti vyao siku hiyo, na wote watatu wamekubali bila masharti.

Wiki ya 14: Zoezi la pili

Lilifanyika saa 5 usiku, bila kutangaza siku. Umeme ulizimwa kwa hiari katika kila nyumba. Badala ya filimbi peke yake, mzee wa fungu la pili alipiga mwano, ule ukelele wa Kisukuma wa kuitana kwenye hatari ambao sungusungu waliutumia, na nathubutu kusema haukuhitaji maelezo. Watu walitoka wakiwa na viatu miguuni, jambo tulilolisisitiza sana kwa sababu ya vioo na bati. Kila kiongozi wa fungu alisimama kwenye alama yake ya chokaa na tochi, akasoma majina.

Dakika 34 baada ya mwano, mafungu manane yalikuwa yametoa hesabu kamili, waliopo na wasiopo na kila asiyekuwepo yuko wapi. Kisha tukapiga kimya cha dakika mbili, watu zaidi ya 400 wamesimama gizani bila neno, kwa ajili ya kusikiliza kama kuna anayegonga. Kijana tuliyemficha nyuma ya choo cha fungu la sita akiwa na jiwe na kipande cha bati alisikika mara ya kwanza alipogonga mara tatu.

Fungu la tisa halikutimia. Jina moja liliitwa mara tatu bila jibu, mtoto wa miaka minne, na mama yake alikuwa zamu ya usiku. Vijana walifungua daftari, wakaona kwenye mchoro kitanda kiko chumba cha kushoto nyuma ya mlango, wakaenda moja kwa moja. Walimkuta amelala usingizi mzito, kaka yake mkubwa alitoka akidhani shangazi amembeba. Kutoka kuitwa jina hadi kumtoa nje zilipita dakika 6.

Wiki ya 15: Kazi zilizobaki

Maturubai bado yanapungua 51. Vidonge vya kupimia klorini vimebaki 38, na muda wake wa matumizi unaisha baada ya miezi mitano. Jabali lililo juu ya fungu la saba linahitaji kuangaliwa na mjiolojia, na barua yetu ya kuomba hilo imepokelewa kwa mkono. Tunataka pia kuwasiliana na mtaa mmoja wa Bukoba uliopitia 2016, ili watusomee daftari letu na kutuambia tumesahau nini. Dada yangu ameanza kuulizia. Jumapili asubuhi viongozi wa mafungu wanapita tena nyumba kwa nyumba: wapangaji wawili wamehama fungu la tatu, na fungu la tano kuna mtoto mchanga wa siku nane ambaye bado hajaandikwa.